Barakoa ya Jicho Moja

Al Khuwair, Maskati
14 Januari 2024

Kaka yangu Jaifar,

Shikamoo kaka. Wifi yangu mpe mkono wangu, umwambie magoti yake na yangu sasa yamekuwa mapacha, maana hata mimi siku hizi napanda ngazi kwa dua. Huku hatujambo. Mwanangu Sleyum yuko wizarani bado, anatoka asubuhi na gari lake, anarudi alasiri amenuna, mkewe ananuna kwa sababu yeye amenuna, na mimi nakaa katikati nnakula tende. Baridi imeingia, viyoyozi tumevizima, alhamdulillah.

Simu usinipigie. Siku ya Idi uliniambia habari ya paa lako, mimi nikasikia habari ya popo, nikakesha nnawaza wamekuingilieni vipi. Andika, umpe Muhanna. Huyu kijana jirani yetu haishi kwenda Unguja na kurudi kwa biashara yake ya viungo, na barua hazifungui, nimemtazama.

Sasa lililonishikisha kalamu. Reem, binti wa Sleyum, ameposwa. Kijana anaitwa Badr, mhandisi, mpole, ana masikio makubwa kidogo lakini hayo si aibu. Wanakaa Sidab, ila asili yao ni watu wa Unguja kama sisi, wa Mji Mkongwe. Mwenye neno kwao ni bibi yake, Bi Jawaher, na huyo, kaka, ni mtu wa kuuliza. Anakuuliza ukoo wako mpaka upande wa mama, mpaka kizazi cha nne, halafu anakunywa kahawa kana kwamba hakuuliza kitu.

Usiku wa hina wanataka uwe wa mavazi ya kale, ya zaidi ya miaka mia nyuma. Ndio mtindo wa vijana sasa. Wanaume majoho na vilemba, wanawake suruali za marinda na barakoa za kufunika uso. Basi mimi nikakumbuka kasha la bibi yetu, Bi Nawar, lililobaki kwako, na barakoa yake iliyomo ndani. Nikawaambia kina Bi Jawaher kuwa bibi yangu mzaa baba alikuwa mwanamke wa barakoa. Unajua zama zile barakoa hakuvaa kila mtu, ni mabibi wa nyumba kubwa tu. Bi Jawaher akaweka kikombe chini, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Posa ikakaa sawa siku hiyohiyo.

Kwa hivyo nakuomba kasha lote, mpe Muhanna. Reem anataka kuivaa barakoa hiyo.

Nduguyo,
Sayyida


Vikokotoni, Unguja
20 Februari 2024

Ndugu yangu Sayyida,

Marahaba, na salamu zako zimefika zote, pamoja na za magoti. Wifi yako hajambo, ila ameanza kunigombeza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya. Paa limezibwa. Popo hawapo. Karafuu mwaka huu si haba, nimekufungia kidogo pamoja na pilipili manga, utaipata kwa Muhanna.

Nimefurahi sana kwa habari ya Reem. Mtoto yule nilimwona alipokuja huku na mamake, akaniuliza kwa nini barabara zetu nyembamba, nikamwambia ili watu wasalimiane. Mungu amjaalie nyumba ya kheri.

Kuhusu kasha, nimelitazama. Suruali za marinda ulizozitaja hazimo, labda kwa shangazi. Vitu vyenyewe vimezeeka na hariri ikizeeka haitaki safari. Ingefaa Reem avae kanga. Kanga nazo ni za zama hizohizo, na zinapendeza, na hazina maneno. Wifi yako anaweza kuchagua doti nzuri hapa Darajani, tukaleta.

Jua la huku kali. Mzee wa msikiti amefariki, yule aliyekuwa akikohoa katika kila khutba, Mungu amrehemu.

Wako,
Jaifar


Al Khuwair, Maskati
16 Machi 2024

Kaka,

Ramadhani karimu, na karafuu nimezipata, ahsante. Sasa tuache karafuu.

Nimekuomba barakoa, umenijibu kanga. Kanga ziko tele hapa, zinauzwa mpaka na Wahindi wa Matrah. Tena unasema hazina maneno, kaka, kanga! Nimekujua tangu hujaota ndevu, ukianza kunihadithia jua na mzee wa msikiti basi kuna kitu umekikalia. Umekiuza? Kimeliwa na panya? Sema. Mficha uchi hazai.

Mimi barakoa ile naikumbuka kama nnavyokumbuka jina langu. Nilikuwa sijaanza hata chuo cha Kurani. Nililifungua kasha bibi akiwa anasali, nikaivaa usoni, ina nyuzi za dhahabu na ule ubao mwembamba wa kukalia pua, ikaniteleza mpaka kidevuni. Bibi alipotoa salamu akaniona. Hakunipiga. Alinivua taratibu, akaifuta kwa pindo la kanga yake, akasema: "Hii barakoa yangu." Yangu, kaka. Nimelisikia kwa masikio haya, yalipokuwa bado yakisikia.

Na jambo lenyewe si la mapambo. Nimeshasema neno mbele ya Bi Jawaher, na juu ya neno hilo ndipo posa iliposimama. Kila tukionana anauliza barakoa imefika? Nikimwambia haipo, ataona nimezua. Reem anampenda kijana, amekonda kwa furaha, hali, anatabasamu na simu. Usinivunjie mtoto kwa ukaidi wako. Leta kasha.

Sayyida


Vikokotoni, Unguja
21 Aprili 2024

Ndugu yangu Sayyida,

Idi njema, na samahani kwa kuchelewa. Muhanna amepita mara mbili nikamrudisha mikono mitupu. Leo nimempa kasha. Soma barua hii kwanza, ndipo ufungue.

Ukishafungua, itazame barakoa mchana, karibu na dirisha. Jicho la kulia limetobolewa na kupindwa ukingo vizuri. La kushoto halijatobolewa. Barakoa hiyo haijavaliwa na mtu, Sayyida, ila wewe siku ile uliyoiiba.

Bibi alisema "yangu" na hakusema uongo. Wewe ulikuwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono. Ijumaa tukipita karibu na msikiti, watu wanatoka, alikuwa akininong'oneza: ile kofia yangu, na ile kanzu yangu, ile yenye darizi nyekundu shingoni, na lile joho la yule bwana mnene nalo langu. Nikidhani bibi yetu ana mali isiyo na mwisho na amewaazima mji mzima. Sisi nyumbani tulikuwa na kofia ngapi? Moja, ya baba. Kwa mtu wa sindano, kitu ni cha aliyekishona.

Alizaliwa katika nyumba kubwa moja ya Shangani. Mama yake alikuwa mjakazi wa humo na yeye akawa mjakazi wa humo. Mabibi walivaa barakoa, suruali za marinda na mitalawanda, vile viatu vya mti vya kupaza kishindo wanapopita. Yeye alivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba, imefungwa juu ya kifua, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sare yao, mtu akujue wewe nani kabla hujafungua mdomo. Kujifunika kichwa hakuruhusiwa. Aliweza kuishona barakoa usiku kucha, asiweze kuiweka usoni hata kwa mchezo.

Ilipotoka ile amri ya mwisho ya kuwaacha watu huru, alikuwa msichana wa kuolewa. Walimwambia akiwa amekaa na barakoa hiyo mapajani, jicho moja tayari, la pili bado. Akainuka nayo, akatoka. Hakuna aliyeidai, maana barakoa zenyewe zilikuwa zinakwisha, mabibi wameanza kuhamia buibui.

Na yeye akashona kofia mpaka akapata la kwake. Buibui la kamba, la kujifunga kichwani, jeusi tii. Limo kwenye kasha, chini kabisa. Alinisimulia kuwa siku aliyolivaa mara ya kwanza alipita kwa muuza vitumbua aliyekuwa akimfokea kila siku, na muuza vitumbua akavuta miguu akampisha njia, akamwambia sabalkheri bibi. Hakujua nani yumo ndani. Bibi alikuwa akicheka kila akifika hapo, anacheka mpaka anajifuta machozi.

Baba aliniambia haya mwaka mliopanda meli kuhamia huko, akasema yaishie kwangu. Nimeyaweka miaka yote hiyo. Nyumba gani ya Shangani usiniulize.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, ndugu yangu. Fanya uonavyo.

Jaifar


Al Khuwair, Maskati
2 Julai 2024

Kaka Jaifar,

Hatujambo. Joto limeshika, hata kuku wa jirani hawawiki. Kasha limefika, na nilikukasirikia wiki nyingi, ndiyo maana kimya. Mke wako nilimtumia salamu kwa Reem, wewe sikukutumia, nadhani umeona.

Kasirani yangu haikuwa kwa bibi. Ilikuwa kwamba wewe ulijua na mimi nikaachwa nitembee Maskati nzima nikijidai kwa barakoa. Baba alikuamini wewe kwa sababu una ndevu. Haya, limepita.

Nilidhani nitanyamaza. Nitakwambia kweli, nilidhani hivyo. Lakini Reem akaivaa mbele ya kioo, akacheka, akasema, "Bibi, mbona naona upande mmoja tu?" Mke wa Sleyum akaichukua, akaigeuza, akasema si neno, tupeleke kwa fundi alitoboe hilo la pili, nani atajua. Mkasi ulikuwa pale mezani. Nikaushika mimi mwenyewe. Kazi ya kufumba na kufumbua, na posa imekaa, na Bi Jawaher anakunywa kahawa yake.

Nalubega, huyu msichana wa Uganda anayetufanyia kazi, alikuwa anapanga vikombe na ile sare yake ya buluu yenye kola nyeupe, aliyonunuliwa na mke wa Sleyum ili wageni wasimdhanie mtu wa nyumba. Nilimtazama nikakumbuka barua yako. Nikauweka mkasi. Nikamwita Reem chumbani, nikamwambia yote. Akauliza buibui liko wapi.

Bi Jawaher akaja na mabinti zake. Nikamwekea barakoa mkononi, nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga asubuhi nzima: "Nilikwambia bibi yangu alikuwa mwanamke wa barakoa. Aliishona, hakuivaa. Alikuwa mjakazi, na aliposikia yuko huru alikomea hapo unapoona." Alilitazama jicho lililo wazi, akalitazama lililoziba. Kisha akaigeuza nyuma, akapitisha kidole kwa ndani, kwenye pembe, ambapo kuna fundo dogo la uzi mwekundu. Akakaa hapo muda. Akauliza nyumba gani. Nikasema sijui, na kweli sijui. Akainuka, kahawa hakunywa.

Baada ya siku chache ikaja salamu. Wameswali istikhara kumwomba Mungu ushauri, na haikuja vizuri. Unajua maana yake, kaka, hakuna mtu anayegombana na istikhara. Reem hakulia mbele yetu. Anakwenda kazini, anarudi, anafunga mlango. Sleyum ananitazama mimi kama niliyevunja chungu cha harusi, na kweli ni mimi niliyekivunja. Siku nyengine naona nilifanya sawa, siku nyengine nautafuta ule mkasi.

Sayyida


Vikokotoni, Unguja
28 Julai 2024

Sayyida, ndugu yangu,

Barua yako nimemsomea wifi yako, akalia, akaniambia mimi ndiye wa kulaumiwa, ningetuma kasha mapema au nisingetuma kabisa.

Fundo jekundu hilo ni lake. Kila kazi yake aliitia fundo hilo kwa ndani pasipoonekana, aijue hata ikipita miaka. Na kwa kuwa Bi Jawaher ameliona, sina tena cha kukuficha. Nyumba ile ya Shangani ilikuwa ya babu zake. Bibi yake yeye ndiye aliyekuwa bibi wa nyumba, na bibi yetu akikaa chini kwenye jamvi akimshonea. Uliponiandikia jina lake katika barua ya kwanza nililitambua, maana baba alinitajia ukoo huo, ndipo nikaanza habari za jua na mzee wa msikiti. Niliogopa mkutanishwe na hayo. Kumbe nimewakutanisha nayo mimi.

Kama Badr ni kijana kama unavyomsema, hajamaliza. Kama amemaliza, basi masikio yake yalikuwa makubwa bure. Mwambie Reem babu yake wa Unguja anamwombea.

Jaifar


Al Khuwair, Maskati
17 Novemba 2024

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na wifi naye. Upepo umeanza kupoa na mimi nimepoa nao. Sleyum hanuni, au ananuna kidogo tu, kwa desturi.

Reem ameolewa. Nimeanza na hilo ili usisome kwa pupa ukaruka mistari, kama ulivyo.

Badr hakumaliza. Alikwenda kwa baba yake, akakaa naye siku baada ya siku, akamwambia yeye hakuswali istikhara yoyote na wala hakuulizwa. Mwisho akaja na baba yake na ami yake, Wael, mtu mzima wa maneno machache, wakaposa upya, hapahapa ukumbini kwetu. Bi Jawaher alisema hatatia mguu. Hatukumlazimisha. Mavazi ya kale Reem alisema yabaki, ila atachagua lake.

Usiku wa hina ulikuwa wa wanawake watupu, nyumba imejaa udi. Wote wamemeremeta, dhahabu mpaka kwenye vidole vya miguu. Nalubega nilimwambia avae apendacho, na mke wa Sleyum akafunga mdomo. Akatoka na gomesi lake, lile vazi lao la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, rangi ya zambarau. Anasema bibi zake wameanza kulivaa zama hizohizo za bibi yetu. Wageni wawili walimsalimia kama mgeni, wakamkaribisha kitini, na yeye akakaa.

Tulikuwa tunamngoja Reem ndipo mlango ukafunguliwa, na aliyeingia si Reem. Ni Bi Jawaher, amekuja peke yake, hana hata binti mmoja ubavuni. Alikuja moja kwa moja akakaa kando yangu, akafungua kitambaa cheupe, akaniwekea kitu mapajani.

Barakoa, kaka. Nyuzi zilezile za dhahabu, marembo yaleyale, ubao wa pua umelainika kwa kuvaliwa. Macho mawili. Kwa ndani kuna alama ya wanja na jasho la mtu. Aliishika akaigeuza mwenyewe, akaniongoza kidole kwenye pembe. Fundo jekundu.

Akasema kwa sauti ndogo, nikamsikia kila neno, mimi nisiyesikia simu: "Miaka yote kwetu tunasema hii ya bibi yangu. Kumbe ya bibi yako."

Nilikuwa nnalia, na kulia kwangu unakujua, hakuna mlango wa kuzuia. Nilitaka kumrudishia akakataa, akaufunga mkono wangu juu yake. Kwa hivyo sasa ninazo mbili, yenye jicho moja na yenye mawili, nimezilaza pamoja kwenye kasha.

Ndipo Reem akatoka. Buibui la bibi, la kamba, amelifunga kichwani kama ulivyotueleza, uso wazi, mikono imejaa hina. Pale tulipokaa ni njia ya kupitia, nyembamba. Nikamwona Bi Jawaher anamtazama mtoto kutoka kichwani mpaka miguuni, buibui lote. Kisha akavuta miguu yake, akampisha njia.

Nduguyo,
Sayyida